Sungura Anapokataa Kubebwa

Mwezi huu zimefika mezani pangu barua kadhaa kuhusu mashamba madogo ya familia, yale yanayowapokea wanyama waliotupwa, waliopigwa au waliochoshwa na kazi, kisha yakawaruhusu wageni kuingia kuwaona, kuwalisha na kuwagusa. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu swali lake limejificha pia ndani ya barua nyingine.

SWALI: Shikamoo, Daktari. Wiki mbili zilizopita niliwapeleka wanangu, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 7, katika shamba la wanyama waliookolewa linaloendeshwa na mume, mke na binti yao. Mdogo alikuwa amezungumzia sungura wiki nzima. Tulipofika, binti wa shamba alikataa katakata mtoto asimbebe sungura hata mmoja, akamwambia aketi kwenye nyasi na kusubiri. Tulisubiri. Sungura mmoja alisogea hadi karibu na kiatu cha mtoto, akageuka, akarudi kwenye kibanda chake. Mwanangu aliondoka analia, nami nilikuwa nimelipa kiingilio cha watu watatu. Picha za tangazo lao zinaonyesha watoto waliowakumbatia wanyama. Je, hatukudhulumiwa? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa safari iliyoishia kwenye machozi. Katika shauri hili ninampa ushindi binti wa shamba, ila kuhusu picha za tangazo niko upande wako.

Mifupa ya sungura ni myepesi mno ikilinganishwa na misuli ya miguu yake ya nyuma, ambayo kazi yake ni kumtoa kwenye hatari kwa mruko mmoja. Akibebwa na mikono midogo isiyojua kumkinga sehemu ya nyuma, hurusha teke kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa hakuna ardhi ya kulipokea teke hilo, nguvu yote huishia kiunoni mwake, na uti wa mgongo unaweza kuvunjika akiwa bado mikononi mwa mtoto. Nimewahi kuletewa sungura wa namna hiyo. Sehemu ya mbele ilikuwa nzima kabisa, macho yanang'aa, pua inachezacheza kama kawaida, lakini kuanzia kiunoni kwenda nyuma alilegea kama kitambaa kilicholowa maji, na mtoto aliyekuwa amembeba alisimama mlangoni bila kusema neno. Machozi ya mwanao yalikauka kabla hamjafika nyumbani, lakini ya yule mtoto nadhani yalichukua muda mrefu zaidi.

Yako pia mambo yanayomhusu sungura moyoni mwake, ikiwa neno hilo linaruhusiwa. Kwa mnyama anayewindwa na wengi, kuinuliwa kutoka ardhini kuna maana moja tu, nayo ni kwamba amekamatwa, na kuzaliwa kizimbani hakumwondolei hofu hiyo. Watu wengine humgeuza chali, wakamwona ametulia tuli, wakasema amesinzia kwa raha, ilhali kutulia huko ni kugandishwa na woga. Ongeza juu ya hayo kwamba sungura wa shamba la uokoaji ana historia yake. Huenda alikaa miezi kadhaa katika boksi lisilomtosha, au alikuwa zawadi ya watoto waliomchoka, na hakuna anayejua mikono ya kwanza iliyomshika ilimfanyia nini.

Kwa hiyo agizo la kuketi na kusubiri halikuwa njia ya kumnyima mtoto alichokitaka. Hiyo ndiyo njia yenyewe ya kumfikia sungura. Mtu aliyeketi hana urefu wa kutisha, na mkono uliolala kwenye nyasi unaweza kunuswa bila mnusaji kujitia hatarini. Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote, lakini hakioni vizuri kilichopo mbele kabisa ya pua yake, na ndiyo maana mkono unaomjia usoni ghafla humshtua hata kama una nia njema. Akishanusa na kubaki mahali alipo, mtu anaweza kumgusa taratibu kwenye paji la uso au shavuni. Huyo wenu alifika karibu na kiatu cha mtoto asiyemjua, siku ya kwanza, mchana, shamba likiwa na wageni. Mimi naiita ziara iliyofanikiwa, ingawa ninaelewa kwamba mtoto wa miaka 4 hawezi kuihesabu hivyo.

Mkirudi, na natumaini mtarudi, anzeni kwa mbuzi. Mbuzi ndiye hasa anayestahili msemo wetu wa ukimpa shubiri huchukua pima, kwa kuwa mtoto akimpa jani moja, dakika inayofuata mbuzi anatafuna kamba ya kofia. Mbuzi na kondoo hawana meno ya mbele katika taya la juu, wana ufizi mgumu tu, hivyo midomo yao ikivuta majani kiganjani mtoto atasikia mtekenyo na joto la pumzi bila kuumia, mradi asiingize kidole ndani ya shavu, ambako magego yanasaga kwelikweli. Punda ana meno ya mbele juu na chini, kwa hiyo kwake kiganja kiwe bapa na kidole gumba kibanwe ubavuni mwa vingine. Kondoo huhitaji subira kuliko mbuzi, lakini hulipa. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2001 kwamba kondoo wanaweza kukumbuka nyuso 50 za kondoo wenzao kwa zaidi ya miaka miwili, na wanatambua pia nyuso za watu. Mtoto anayerudi shamba lile lile mara ya tatu huenda akapokewa tofauti na mgeni mpya.

Katika shamba moja la namna hii niliona mbuzi jike mzee, kipofu wa jicho la kushoto, ambaye wenyeji walimwekea kanuni moja tu: kila mgeni amkaribie kutoka kulia na aseme neno kabla ya kunyoosha mkono. Kijana mmoja aligeuza ndoo, akaikalia, akazungumza naye kuhusu mambo ya shule kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hadi mbuzi akaja kuegemeza ubavu wote kwenye magoti yake. Hakuna aliyempiga picha.

Sasa kuhusu tangazo. Shamba linalotangaza kukumbatiana na kutoza kiingilio kwa tumaini hilo linapaswa kueleza mlangoni, kabla fedha hazijatoka mfukoni, ni wanyama gani wanaoguswa siku hiyo na kwa masharti gani. Waandikieni kwa upole, nanyi waombeni jambo lililo wazi, kwa mfano ziara ya asubuhi kabla wageni hawajawa wengi, au ruhusa ya mtoto kushika brashi na kumchana punda aliyezoea watu. Familia nyingi zinazoendesha mashamba haya zinajua kulisha na kutibu kuliko zinavyojua kutangaza.

SWALI: Daktari, mke wangu ana mimba ya miezi mitano na mtoto wetu ana miaka 2. Tumealikwa shamba lenye kondoo, ndama na vifaranga. Rafiki ananiambia nisiende kabisa, mwingine anasema vitakasa mikono vinatosha. Nimsikilize nani? (Baba mwenye wasiwasi)

JIBU: Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, ndugu yangu. Mtoto anaweza kwenda, mama ana sehemu za kuepuka, na kitakasa mikono peke yake hakitoshi.

Wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, mbuzi na kondoo, wanaweza kubeba tumboni bakteria aina ya E. coli O157 bila wao wenyewe kuugua hata kidogo, na kiasi kidogo sana cha kinyesi chao kikifika kinywani mwa mtoto kinaweza kumletea kuhara damu na, kwa baadhi ya watoto, kuharibika kwa figo. Walio hatarini zaidi ni wenye umri chini ya miaka 5, yaani wako. Mwaka 2009, katika shamba moja la kutembelewa na familia kusini mwa Uingereza, watu 93 waliambukizwa, wengi wao wakiwa watoto chini ya miaka 10. Uchunguzi uliofuata ulisisitiza jambo ambalo wageni wengi hulipita, kwamba kinga ya kwanza ni kutokigusa kinyesi, na kunawa mikono huja baada ya hapo. Hivyo tazama sakafu kabla hujatazama beseni. Ikiwa watoto wanatambaa palepale kondoo wanapolala, au uzio umepakwa samadi kwenye kimo cha mikono yao, usiingie hapo hata kama kuna mabomba kumi nje.

Baada ya kugusa, nawisha mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha na katikati ya vidole, umkaushe, ndipo mwende mahali pa kula palipo mbali na mabanda. Ndama na wanakondoo wachanga hubeba pia kimelea cha Cryptosporidium, ambacho pombe iliyomo kwenye vitakasa mikono haikiui. Vifaranga na bata hubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara, na kosa la kawaida kabisa ni mtoto kubusu kifaranga. Chuchu ya bandia ikianguka chini, iende mfukoni mwako na isirudi kinywani. Kumbuka viatu na magurudumu ya kigari cha mtoto, maana hivyo ndivyo huingiza shamba ndani ya nyumba. Mtoto akiharisha siku chache baadaye, kwa kawaida siku 3 hadi 4 ingawa inaweza kuwa zaidi, na hasa ukiona damu, usimpe dawa ya kuzuia kuhara. Mpeleke hospitali na useme wazi kwamba alikuwa na wanyama.

Mama mjamzito asikaribie kondoo au mbuzi wanaozaa, waliozaa karibuni au walioharibu mimba, asiguse wanakondoo wachanga, na asifue nguo za aliyesaidia kuzalisha. Maji ya uzazi na kondo la nyuma vinaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha mimba ya binadamu kuharibika, na baadhi yake huruka na vumbi. Piga simu uulize kama ni msimu wa kuzaa. Ukiambiwa ndiyo, mama abaki, au mwahirishe. Punda na nguruwe anaweza kuwatazama kutoka nje ya uzio bila hofu.

Tukio la kung'atwa ni nadra, lakini likitokea, osha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 kamili kwa saa, kisha nenda hospitali uulize kuhusu pepopunda na kichaa cha mbwa, hata kama aliyeng'ata ni mnyama mpole na jeraha ni dogo.

SWALI: Nyumbani kwetu chakula husazwa kila siku. Kwa nini mwenye shamba alikataa ndoo ya mkate, mboga na makombo niliyowapelekea nguruwe na mbuzi wake? (Mpenda wanyama)

JIBU: Kwa sababu anawapenda. Mwaka 2001 Uingereza ilikumbwa na ugonjwa wa miguu na midomo ambao uchunguzi ulielekeza chanzo chake kwenye shamba la nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula yasiyochemshwa ipasavyo. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa kabla ya mlipuko kudhibitiwa, na kulisha mifugo mabaki ya aina hiyo kukapigwa marufuku. Mkate na nafaka nyingi kwa mkupuo humtia mbuzi asidi tumboni, na anaweza kufa katika siku moja au mbili. Parachichi, pamoja na majani na maganda yake, hudhuru moyo wa ndege, sungura na mbuzi. Ukitaka kupeleka kitu, uliza kwanza. Mara nyingi utaambiwa nyasi kavu safi zisizo na ukungu.

SWALI: Nitajuaje kwamba shamba linalojiita la uokoaji linaokoa kweli, na halijapata tu jina zuri la kuvutia wageni? (Mwalimu anayepanga ziara ya darasa)

JIBU: Mwalimu, swali lako ni gumu kwa sababu kuna watu wema wanaofuga vibaya na wafanyabiashara wanaofuga vizuri. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha uhuru wa aina tano, kilichotungwa na baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza mwaka 1979: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikose mahali pa kustarehe, asiachwe na maumivu au ugonjwa, apate nafasi ya kuishi kulingana na asili yake, na asiishi kwa hofu. Mgeni wa saa mbili hawezi kuyapima yote hayo, lakini yapo ya kuonekana.

Kwanza tafuta wazee na wenye sura mbaya. Shamba linalookoa lina punda mwenye kovu, kuku waliokwisha kutaga wasio na manyoya ya kutosha, kondoo anayechechemea. Ukikuta vichanga peke yake, na kila msimu kuna vichanga vipya, uliza walikwenda wapi wa mwaka jana. Swali hilo moja hufungua mengi kuliko maswali yangu mengine yote. Shamba la uokoaji huhasi madume yake, au huwatenga, kwa kuwa kila mtoto anayezaliwa pale huchukua nafasi ya anayesubiri kuokolewa.

Tazama kwato. Kwato za mbuzi na punda hukua kama kucha na huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki chache. Zikiwa zimepinda kwa mbele kama kiatu cha hadithi, hilo ni deni la miezi mingi. Lakini usihukumu kabla ya kuuliza, kwa maana mnyama aliyefika wiki iliyopita huja na kwato za alikotoka, na mwenyeji mwaminifu atakuonyesha ni yupi na atakueleza wanazirekebisha kidogo kidogo. Uliza pia wageni wapya hukaa wapi. Lazima kuwe na banda la karantini lililo mbali na wengine, ambalo hata wewe hutaruhusiwa kuingia.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni mahali pa kujificha. Kila mnyama anayeguswa na watu awe na upenyo wa kuondoka kwenda mahali ambapo hakuna mkono unaoweza kumfuata, na mwenyeji ausimamie. Punda anahitaji hili kuliko anavyoonekana kulihitaji. Yeye huficha maumivu na hofu, husimama tu, na watu husema ni mpole. Akitenganishwa na mwenzake aliyemzoea anaweza kuacha kula, mafuta yakajaa kwenye damu, akafa. Kwa hiyo ukimwona punda mmoja akizungushwa na watoto kutwa nzima huku mwenzake amefungiwa mbali, lipeleke darasa lako kwingine.

Mwisho, mwulize mwenyeji ni lini alimkataa mnyama kwa kukosa nafasi. Asiyewahi kukataa hata mmoja ama ameanza juzi ama anaelekea kuzidiwa, na mashamba ya uokoaji yanayozidiwa hugeuka kuwa mahali ambapo wanyama wenyewe wanahitaji kuokolewa.

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 amempenda mwanambuzi yatima katika shamba tulilotembelea. Wenyeji wanasema wanaweza kutupatia. Tuna uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Tumchukue? (Baba wa binti mmoja)

JIBU: Mmoja, hapana. Mbuzi ni mnyama wa kundi, na mwanambuzi anayelelewa peke yake na watu hulia usiku, kisha hukua akidhani watu ni mbuzi wenzake, jambo linalochekesha akiwa na kilo tano na kuumiza akiwa na pembe. Anaweza kuishi miaka 15, ambayo ina maana kwamba binti yako atakuwa na umri wa miaka 27, na wewe ndiwe utakayekuwa unatengeneza uzio. Kabla ya kujibu ndiyo hata kwa wawili, chunguza kama sheria za mahali mnapoishi zinaruhusu mifugo uwanjani, na kama yupo daktari wa mifugo aliye karibu anayewajua mbuzi.

Wakati mnafikiri, mwombe mwenye shamba awaambie siku ya kukata kwato. Binti ashike ndoo, kisha ashike kichwa, kisha, akiruhusiwa, ashike mguu wenyewe wakati samadi iliyokauka inachimbuliwa kwa ncha ya kisu na mbuzi anapiga kelele kana kwamba anachinjwa. Baada ya siku tatu za namna hiyo, akiwa bado anamtaka, niandikieni tena.